Wiki Niliyomlazimisha Mama Apumzike

Watu wakisikia kwamba niliwahi kukaa wiki nzima kisiwani, ndani ya nyumba ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya kupumzikia tu, huniuliza kulikuwaje. Huwajibu kwamba kulikuwa na upepo. Si uongo, upepo ulikuwepo. Ninachokiacha ni kwamba wiki ile ndiyo iliyomtoa mama yangu nyumbani kwake Butiama, na aliyemtoa ni mimi, kwa mkono wangu mwenyewe na kopo moja la maji.

Nyumba yenyewe ilitufikia kupitia kazi ya mume wangu. Ni fundi mwashi, mtoto wa fundi mwashi, Mwislamu wa mtaa wa Mukendo mjini ambaye ukimuuliza kabila atakutajia manne na kukuachia uchague. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, sukari haikuwa tena ya kuandikisha jina kwa balozi wa nyumba kumi, na mimi nilikuwa nimepata kibanda changu cha mitumba, nikifungua robota kila Jumatano na kugombana na wateja mpaka Jumanne. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akaikodi nyumba ya kisiwani ambayo zamani ilikuwa ya Mzungu aliyependa kuvua samaki na kuwarudisha majini. Wavuvi wa pale walimhurumia sana. Walidhani kwao samaki ni mwiko. Baada ya Mzungu nyumba ikawa ya serikali, na katika miaka ya dhiki ikawa ya popo. Huyu tajiri alitaka irudi ilivyokuwa: mawe ya pale pale kisiwani, yashikwe kwa udongo wa kichuguu, bila saruji hata kijiko. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Miaka ile tuliyoitafuta saruji kama dawa ya mtoto mgonjwa tulijenga kwa udongo na kuona aibu, na sasa saruji imejaa kila duka, kumbe kuna mtu anautaka udongo kwa hiari yake.

Kazi ilipokwisha tajiri alifurahi, akasema fundi aende na familia yake akakae wiki moja kabla wageni hawajaanza kuja. Mume wangu hakuitaka hiyo wiki. Alisema nyumba aliyoijenga mwenyewe haiwezi kumlaza, atakesha akikagua mawe. Mimi nikasema nitakwenda na mama.

Mama alikuwa mjane, na mimi ndiye mtoto pekee aliyembakia. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ameanguka shambani, kwenye mtama, na jembe likiwa mkononi. Daktari alipompima alisema presha iko juu kupita kiasi, akampa vidonge na kumwamuru aweke jembe ukutani miezi mitatu. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, daktari, kwa adabu zote za Mkatoliki mbele ya padri, na kesho yake jirani akamkuta anapalilia amepiga magoti, maana daktari hakusema lolote kuhusu magoti. Nilikasirika sana. Nilimwona anakufa kwa ukaidi, na mimi ni mkaidi kuliko yeye.

Lakini lazima niseme nyumba ile ilikuwa nini kwake, la sivyo nitaonekana ninamsema kizee msumbufu. Wakati wa operesheni ya vijiji waliitwa mkutanoni, yeye na baba, na waliporudi walikuta paa lao limeshushwa. Wakahamishiwa kwenye mstari wa viwanja kando ya barabara. Baba alifia huko. Mama alipoona hakuna anayefuatilia tena, alirudi mwenyewe kwenye mahame yao na kuanza kujenga upya, katika miaka ambayo msumari ulikuwa kitu cha kuombwa. Alikuwa anang'oa misumari kwenye maboksi ya zamani na kuinyoosha juu ya jiwe. Mabati sita ya nyumba ile aliyapata moja moja, na kila moja lina safari yake ambayo nilisimuliwa mpaka nikaichoka. Tangu hapo hakulala nje ya nyumba yake zaidi ya usiku mmoja.

Na kulikuwa na baba mdogo, yaani mdogo wake baba. Baba hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo siku mama atakapoondoka pale, boma linarudi kwa mdogo mtu. Hilo kila mmoja alilijua na hakuna aliyelisema. Hakuwa mtu mbaya. Alileta maziwa sikukuu, alisalimia vizuri, na alipokuwa anasalimia macho yake yalikuwa yanapanda kwenye mabati. Ila maadamu moshi ulitoka jikoni kwa mama, hakuwa na neno.

Nasema moshi kwa sababu kwetu moto wa jikoni hauzimwi. Usiku unafukiwa kwenye jivu pamoja na kinyesi kikavu cha ng'ombe, alfajiri unafukuliwa. Mwenye nyumba akisafiri anamwachia jirani, naye anakuja mara moja kwa siku kuupuliza, ili watu waone moshi na wajue mwenyewe anarudi. Maji humwagwa mafigani siku moja tu, siku mwenye nyumba anapozikwa, na anayeyamwaga ni mkubwa wa ukoo. Haya yote niliyajua. Niliyajua kama nilivyojua katekisimu, kwa kichwa, na kwa miaka kumi na miwili nilikuwa napika Mukendo kwa jiko la mkaa ambalo nalizima ninapotaka.

Mama alikubali safari baada ya wiki mbili za mimi kununa. Sharti lake lilikuwa moja: moto aachiwe jirani. Nilipokwenda kumchukua kwa pikapu ya jamaa yetu, alikuwa tayari amevaa, akapanda garini, akaketi mbele na kikapu mapajani, akanituma mimi nikamwite jirani nimkabidhi. Nilikwenda. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa. Mtoto wa nyumba ya pili akaniambia ameitwa ghafla Bunda kwa mjukuu anayeumwa, atarudi baada ya siku nyingi. Nilirudi jikoni kwa mama. Jiko lake ni la nyasi, limeshikana na nyumba ya mabati, na siku hiyo upepo ulikuwa unavuma. Mwaka uliopita nilikuwa nimeona kibanda cha jirani yangu sokoni kikiteketea kwa kaa moja lililosahauliwa. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Nikachota maji mtungini kwa kopo, nikamwaga. Jivu likapanda usoni kwangu, likalia, likanyamaza. Kisha nikafunga mlango wa nyumba kwa kufuli jipya nililotoka nalo mjini, nikaona nimefanya jambo la akili sana.

Ndani ya gari mama akaniuliza, "Moto umemwachia nani?"

"Jirani."

"Amesema nini?"

"Amesema nenda salama."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Mimi sikuwahi kumdanganya mama kwa urahisi namna ile, na ninakumbuka nilivyojisifu kimoyomoyo kwamba nimemwepusha na presha.

Tulipandia boti ya injini kwenye mwalo wa Makoko, asubuhi. Mume wangu alitusindikiza mpaka majini lakini hakuja. Kwetu mkwe wa kiume halali paa moja na mama mkwe wake, wala hamtazami akila, na ingawa kwao mambo hayo hayapo, yeye ameyashika kuliko sisi wenyewe. Akatuahidi kuja kutuchukua siku ya saba. Kabla ya hapo boti isingekuja, maana mwenye boti ana kazi zake.

Nyumba ilikuwa nzuri. Nalisema wazi, ingawa siipendi. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba dirishani ungeweza kukalisha watoto wawili wakicheza, mawe meusi na ya kijivu yaliyolazwa moja juu ya jingine mpaka ukadhani yalizaliwa hivyo. Ndani kulikuwa na baridi hata saa saba mchana. Paa la nyasi, sakafu ya mawe bapa, vitanda viwili vyenye vyandarua vipya. Mbele kulikuwa na kibaraza kinachotazama ziwa, na kibarazani viti viwili vya turubai, vya kulalia. Mama alivizunguka vile viti, akavibonyeza, akauliza mtu mzima analalaje nje mchana kama mgonjwa aliyeshindikana. Akatandika kanga chini, akakaa, akanyoosha miguu.

Mtunza nyumba alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa upande wa Kisorya, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kukaanga furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Tajiri alikuwa amempa amri: mgeni asishike kitu. Asifagie, asipike, asichote maji, asioshe hata kikombe chake. Alizisema amri hizo kwa fahari, na mama alizisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Halafu akauliza, kwa Kiswahili chake cha barabarani, "Sasa hapa mtu anafanyaga nini?"

Mtunza nyumba akamwambia anapumzika. Mama akamuuliza akishamaliza kupumzika. Yule akacheka, akasema hawamalizagi, ndiyo maana wanakaa wiki.

Siku ya pili niliamka nikakuta mama ameshafagia ua wote, amefagia njia mpaka majini, na ameanza kufagia mwamba. Mtunza nyumba alikuwa amesimama mlangoni amejishika kiuno, karibu kulia, akisema tajiri akijua atamfukuza. Niliuficha ufagio nyuma ya kabati. Mama akang'oa magugu kwa mikono. Nikamkataza. Akaanza kuhamisha mawe madogo kutoka upande mmoja wa ua kwenda mwingine, akidai yamekaa vibaya, na mume wangu angemsikia angekufa. Nikamwambia mama, daktari alisema nini. Akaniambia daktari alisema jembe. Nikampa kidonge, akakimeza, akainuka tena.

Nilikuwa nimemkasirikia, lakini nisijifanye mtulivu. Mimi mwenyewe sikuweza kukaa. Nilikuwa nalala kwenye kile kiti cha turubai, nahesabu mpaka ishirini, nainuka. Nilizunguka kisiwa kizima mara nne kwa siku, na kisiwa chenyewe unakimaliza kabla uji haujapoa. Niliwatazama kenge wakiota jua juu ya mawe, nikawaonea wivu. Kila nilikokwenda nililiona lile jivu likipanda. Nilijiambia jirani atarudi, ataona, atawasha. Kisha nikakumbuka kwamba jirani hakuambiwa kitu, na hata akirudi atakuta jivu limeganda, naye atafanya kama wengine wote: atadhani kuna msiba, ataanza kulia.

Siku ya tatu, wakati wa chai, mama alikuja mbele ya mtunza nyumba na kuomba jembe. Aliomba vizuri, kwa heshima. Alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na siku mbili zimeisha. Mtunza nyumba alicheka, akasema hapa mgeni hata siku ya kumi anapewa chai. Mama hakucheka. Alimwambia kwamba mtu akikaa kwa watu siku tatu na hapewi kazi, maana yake wenyeji hawamhesabu, na yeye hajawahi kukaa mahali ambapo hahesabiwi. Kisha akageuka kwangu, akasema kwa lugha yetu kwamba anataka kwenda kwake. Nikamwambia boti hakuna mpaka siku ya saba. Akatoka kibarazani, akasimama akitazama ng'ambo.

Kutoka pale unaona vilima vya bara, vya bluu, na nyuma yake huoni kitu. Butiama iko mbali ndani huko. Mama alijua kwamba hawezi kuuona moshi wake, hakuwa mjinga, lakini alisimama pale asubuhi na jioni mkono ukiwa juu ya macho. Nilipomwita ndani alisema anatazama tu. Siku ya nne alisimama hivyo hivyo huku upepo ukimrushia kanga, akaniambia bila kugeuka kwamba jirani yake ni mtu mwema, lakini hupulizaga moto kivivu, huenda moshi hautoshi. Akasema akirudi atampelekea zawadi ya dagaa. Mchana akaninunulisha dagaa kwa wavuvi wa pale, akawaanika mwenyewe juu ya mwamba, na mtunza nyumba akamwachia, maana alishachoka kukataza.

Wale dagaa ndio walionishinda. Siku ya tano nilimkuta anawageuza mmoja mmoja ili wakauke sawasawa, wa zawadi ya mtu ambaye hakuwapo. Nikakaa kando yake juu ya jiwe, nikamwambia. Nilimwambia jirani alikuwa Bunda, upepo ulikuwa unavuma, dereva alikuwa anapiga honi, nyasi, kibanda cha sokoni kilichoungua. Nilieleza mengi. Mama alisubiri nimalize.

"Uliufukia?" akauliza.

"Niliuzima, mama."

"Na nini?"

"Na maji."

Akawatazama dagaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa laana, kwa presha, hata vidonge nilikuwa nimevishika mkononi. Aliinuka, akajipangusa magamba, akaenda kibarazani, na kwa mara ya kwanza tangu tufike akakaa kwenye kile kiti cha turubai. Akaegemea, akanyoosha miguu, akafumba macho. Mtunza nyumba akatoka jikoni akamwona, akaniita kwa ishara, akaninong'oneza kwamba Mungu mkubwa, bibi amejua kupumzika.

Siku mbili mama alikaa pale. Alikula alicholetewa, akanywa alichopewa, hakugusa ufagio. Hayo ndiyo niliyoyataka, na nilipoyapata niliogopa. Nilimwomba anitukane. Nilimwambia tutawahi, tutafika, tutawasha, nani atakuwa ameona katika siku chache. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba baba mdogo hupitisha ng'ombe pale kila asubuhi.

Siku ya saba boti ilikuja. Mume wangu alimwona mama amekaa kitini, akatabasamu akidhani dawa imefanya kazi. Tulifika Butiama alasiri kwa pikapu ile ile.

Kufuli langu lilikuwa bado mlangoni. Lakini jikoni kulikuwa na ndama wawili wamefungwa kwenye nguzo, wametandikiwa majani, na mafiga yalikuwa yametolewa nje na kupangwa vizuri kando ya ukuta. Baba mdogo akaja upesi, na majirani watatu wa makamo yake, wote wamevaa vizuri, kwa hiyo walikuwa wanatusubiri. Walimpa mama pole ya safari. Wakatoa vigoda. Baba mdogo hakupaza sauti. Alisema siku tatu hakuona moshi, siku ya nne akachungulia, akakuta majivu yamemwagiwa maji. Alidhani shemeji yake amefia mjini na hakuambiwa. Akatuma mtu mpaka Mukendo, akaambiwa mama yuko kisiwani na bintiye, mzima. Basi akaelewa kwamba shemeji amehama, na yeye amefanya kama inavyofanywa. Sikuona uongo usoni kwake. Alikuwa mtu aliyesubiri miaka mingi ishara fulani, na ameiona.

Mmoja wa wale watatu akasema kwamba kabla ya yote, ijulikane ni nani alimwaga maji.

Nieleze swali hilo lilikuwa na uzito gani, maana mimi nililielewa pale pale. Kama ni mgeni aliyemwaga bila kujua, anatoa mbuzi, moto unawashwa upya, na nyumba inabaki ya mama. Kama ni mwenye nyumba mwenyewe, basi ameaga, na boma linarudi kwa ukoo. Lakini kama ni mtoto wake wa kumzaa, nyumba inabaki ya mama, na mtoto ndiye anayetoka. Amemzika mzazi akiwa hai. Havuki tena ua ule, na siku mzazi anapokufa kweli, hashiki udongo wa kaburi lake.

Baba mdogo alikuwa ananitazama. Wote walikuwa wananitazama. Nani mwingine angefunga nyumba ya Butiama kwa kufuli linalong'aa? Nikafungua mdomo.

"Nyamaza," mama akaniambia. "Naongea na shemeji yangu." Kisha akamgeukia. "Mimi ndiye nilimwaga. Nimechoka na jembe. Naenda kukaa kwa mtoto."

Baba mdogo akamuuliza mara ya pili, na nadhani kwa dakika ile alimwonea huruma, maana aliuliza polepole, akimpa nafasi. Mama akasema ni yeye.

Nilinyamaza. Ningeweza kusema, mdomo nilikuwa nao, watu wa soko la Mukendo watakuambia ninao. Niliambiwa ninyamaze nikanyamaza haraka kuliko nilivyowahi kutii chochote maishani, na aibu ya wepesi ule bado ninayo. Nilifungua kufuli. Mama aliingia, akatoka na nguo zake, rozari na sufuria mbili. Hakuyatazama mabati.

Mume wangu hakuuliza sana. Alijua mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake, akamjengea chumba peke yake nyuma ya ua wetu, cha matofali na saruji nzuri, katika wiki tatu. Mama alisema ni chumba kizuri. Presha ilishuka. Daktari alipompima alifurahi, akaniambia laiti wagonjwa wote wangekuwa na binti kama mimi. Nikamshukuru, nikalipia vidonge, nikatoka nje na kumfokea muuza karanga ambaye hakunikosea kitu.

Aliishi nasi miaka sita. Alipofariki tulimrudisha Butiama, alazwe kando ya baba, na baba mdogo mwenyewe ndiye aliyenishika mkono akaniweka mbele ya watu wote, akasema mtoto wake aanze. Nikaanza. Nilishika udongo mbele ya ukoo mzima na hakuna aliyeninyooshea kidole.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi za miaka ile sita. Mama alikuwa akitoka chumbani kwake, anavuka ua, anafika kwenye mlango wa jiko langu ulio wazi, na hapo anasimama nje na kubisha hodi. Kila siku. Hakuingia mpaka nimwitikie, hata mikono yangu ikiwa kwenye unga, hata mvua ikinyesha. Mwanzoni nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikabembeleza. Asubuhi moja nilitoka nje nikamshika mabega, nikamwambia mama, mimi ni mwanao, hapa ni kwako, ingia tu, nakuomba. Tulikuwa wawili peke yetu uani. Nikamwambia kwamba mimi na yeye tunajua nani alizima ule moto.

"Niliuzima mwenyewe," mama akasema. Alinitazama usoni mpaka nikainamisha macho. "Usije ukasema vingine, hata ukiwa peke yako. Haya, mwenye nyumba, hodi."

Nikamwambia karibu. Akaingia, akatafuta mahali pa kukaa.